Humeza Mawimbi, Huacha Maneno

Ujumbe uliingia saa moja na nusu asubuhi, Mama Sponji akiwa amepiga goti juu ya kochi la mteja na amebana misumari midogo mitatu kwa midomo. "Mzazi, mito yako ya ukutani inaondolewa leo. Imeua intaneti ya shule. Njoo na gari uichukue." Chini yake palikuwa na cheo tu: Mwalimu Mkuu. Aliusoma mara mbili. Kisha akaitema misumari ndani ya kopo, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kwa sababu alijijua. Angefungua mdomo na hasira ile ilivyompanda, angeimeza misumari.

"Kuna nini, dada?" aliuliza mdogo wake wa kiume, seremala, ambaye walikuwa pamoja kwenye karakana ile miaka tisa sasa. Yeye fremu, dada yake sponji na kitambaa.

Akampa simu asome mwenyewe. Seremala akasoma, akajikuna shingo. "Basi twende tukazungumze nao taratibu."

"Taratibu nenda nayo wewe," alisema Mama Sponji, na tayari alikuwa anavua aproni. "Mimi nakwenda na bisibisi."

Tuseme ukweli, mwanamke huyu alikuwa na mdomo. Wateja walilijua hilo, wauza vitambaa walilijua hilo, na hata mdogo wake, ambaye alimpenda kuliko mtu yeyote, alikuwa amelipata lake mara nyingi. Lakini hizo zilikuwa hasira za kila siku, zinazopoa kabla gundi haijakauka. Ya asubuhi ile ilikuwa nyingine. Ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa na miaka kumi na mashine mbili ndogo za kusikia nyuma ya masikio.

Jina la utani la binti yake lilikuwa Chiriku, alilopewa na bibi yake kwa vile alivyokuwa haishi kusema. Alisema sana kwa sababu alisikia kidogo. Wakati wewe unaongea ndio yeye alikuwa anapotea, kwa hiyo aliona afadhali aongee yeye. Mama yake aligundua mapema jambo ambalo madaktari hawakumwambia: mtoto asiyesikia vizuri hujifunza upesi sana kutikisa kichwa kama ameelewa. Unamwambia hiki, anatikisa. Unamwambia kile, anatikisa, anatabasamu, na hajashika hata neno moja. Ndiyo maana nyumbani kwao kulikuwa na sheria. Ukishamwambia Chiriku neno la maana, unamwambia, "Rudia." Naye anarudia vilevile alivyosikia, bila kupunguza wala kuongeza. Akikosea, unaanza upya. Hakuna kutikisa kichwa katika nyumba ile.

Shuleni hakukuwa na "rudia." Shuleni kulikuwa na chumba. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa, kuta tupu pande zote, madirisha ya vioo, dari iko juu huko. Ukiangusha kalamu nyuma, inaanguka mara tatu. Hospitali walikuwa wamempa kipaza sauti kidogo cha kuvaa shingoni, mwalimu wa darasa anakivaa, na sauti yake inaruka bila waya hadi kwenye mashine za Chiriku. Kilisaidia, ila kilibeba sauti ya mwalimu pamoja na mwangwi wake. Wenzake walipojibu swali, alichosikia yeye ni sufuria zinazoporomoka kutoka rafuni.

Mwalimu mkuu alikuwa na jawabu lake. Ipo shule maalumu ya bweni, alisema, safari ya basi ya siku nzima, wanapokea watoto wa aina hiyo. Alisema "wa aina hiyo" huku Chiriku amekaa palepale mbele yake, anatikisa kichwa na kutabasamu. Mama Sponji aliondoka ofisini, na alirudi siku ya pili na futi ya kupimia. Hakuuliza ruhusa ya kupima. Ruhusa ya kutundika aliiomba kwa maandishi, akaipata, kwa sababu mwalimu mkuu hakudhani kama angefika popote.

Alifika. Kwa miezi minane kila kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye makochi ya watu kiliwekwa pembeni. Seremala akakata fremu ishirini na mbili. Ndani ya kila fremu dada yake akajaza sponji nzito ya unene wa kiganja, juu akavuta kitambaa na kukipiga pini. Mito ikatoka ya kijani, ya udongo, ya mistari, mmoja wenye maua makubwa ambayo mteja aliyakataa, na haki alikuwa nayo. Kwa kuwa hakuna kazi iliyotoka mikononi mwake bila lebo, alishona lebo kwenye kona ya kila mto. Kwanza alitaka kuandika "Hupunguza mwangwi," lakini mzazi mmoja alimuuliza mwangwi ni nini, akaona lebo inayohitaji maelezo si lebo. Akaandika: HUMEZA MAWIMBI, HUACHA MANENO. Aliipenda sana. Aliisoma kwa sauti mara kadhaa karakanani mpaka mdogo wake akamwomba apumzike.

Waliitundika Jumamosi. Jumatatu jioni Chiriku alirudi nyumbani, akaweka mkoba, akasema, "Mama, kumbe yule anayekaa nyuma yangu ana kigugumizi."

Miaka miwili alikuwa amekaa mbele ya mtoto yule. Mama Sponji alikwenda jikoni, akafungua bomba la maji ili asisikike, akalia.

Leo ilikuwa Alhamisi ya wiki hiyohiyo.

Walipofika shuleni waliikuta mito saba koridoni, imesimamishwa uso ukutani kama watoto waliopewa adhabu. Ngazi ilikuwa ndani ya darasa. Mtunza majengo alikuwa ameanza na ukuta wa nyuma kwa sababu ngazi ilikuwa hukohuko. Ukuta wa mbele, ule unaotenganisha darasa na ofisi ya mwalimu mkuu, bado ulikuwa na mito yake yote. Mama Sponji alichungulia dirishani. Mwalimu wa darasa alikuwa anafundisha, kipaza sauti shingoni, uso wake umejaa aibu. Mtoto mmoja wa nyuma alikuwa anajibu swali. Na Chiriku, kwenye dawati la pili, alikuwa amemgeukia huyo mtoto.

Alikuwa anatikisa kichwa.

Mama Sponji akasimama palepale, bisibisi mkononi, mpaka mdogo wake akaishika bisibisi kwa upole na kuitia mfukoni mwake.

"Mzazi, umefika, vizuri," ilisema sauti ya mwalimu mkuu. Alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake, shati limenyooka, simu mkononi ameiinua juu kana kwamba anamwagilia dari. Pembeni yake alikuwapo fundi wa mtandao mwenye mkoba wa vifaa ambao haukuwa umefunguliwa. "Tangu Jumatatu ofisi yangu haina intaneti. Siku nne, mzazi. Leo saa tisa mfumo wa kusajili watahiniwa unafungwa, na mimi nina majina ya watoto themanini hapa. Sina ugomvi na wewe. Ila mtaalamu ameshaona."

"Ameona nini?"

Fundi wa mtandao alikohoa. Akaugeuza mto mmoja, ule wenye maua, akaonyesha kona kwa kidole. "Mama, si umeandika mwenyewe? Humeza mawimbi. Intaneti ya waifai inakuja kwa mawimbi. Mito inameza."

Seremala aliangalia sakafu. Alimjua dada yake, alijua kinachokuja.

"Mawimbi ya sauti, fundi mwenzangu," alisema Mama Sponji, na sauti yake ilikuwa chini mno. "Sauti. Mwangwi. Hii ni sponji na kitambaa. Sauti ni hewa inayotikisika, inaingia kwenye matundu ya sponji inachoka. Hiyo intaneti yako haijali sponji. Ungekuwa ni mto wa bati ningekuelewa. Ulipima na nini?"

"Uzoefu."

"Uzoefu wa kusoma lebo?"

"Mzazi," alisema mwalimu mkuu.

"Umeisoma nusu. Huacha maneno, hukuiona hiyo? Au maneno si mali yako?"

Alivuta mito miwili, akaiweka sakafuni, akatoa simu yake na kuilaza juu ya mmoja, akaifunika kwa wa pili, akakaa juu yake. Mwanamke mzima, mwenye heshima zake, amekaa juu ya mto koridoni. "Nipigie," alimwambia mdogo wake. Seremala akapiga. Chini ya mama mtu simu ikaanza kuunguruma, mlio umefifia, lakini inaita, inaita, mpaka watoto wa dirishani wakaanza kucheka.

"Hayo ndiyo mawimbi," alisema bila kuinuka. "Mlio umemezwa. Simu imefika."

Fundi wa mtandao alionekana kutaka kuondoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepata jibu rahisi asubuhi na mapema akalipenda. "Simu na waifai si masafa yaleyale," alisema, lakini alisema kwa kunong'ona.

"Basi na hicho kipaza sauti cha mwanangu? Si kinarusha bila waya? Mbona mito haijakimeza siku zote nne?"

Mwalimu mkuu ndiye aliyelidaka hilo, akalijibu kwa raha, kama mtu aliyekuwa analisubiri. "Kile kiko ndani ya chumba kimoja, mzazi. Mwalimu pale, mtoto pale. Hakipiti kwenye ukuta wenye mito. Intaneti yangu inapita."

"Na hiyo ruta yenyewe inayorusha intaneti iko wapi? Nani ameiangalia?"

"Ruta iko mahali pake siku zote. Hilo halihusiani."

Fundi wa mtandao alifungua mdomo kusema kwamba bado hajaingia ofisini, kwamba alioneshwa simu isiyoshika na mito iliyoandikwa, basi. Akaufunga. Mtu anayelipwa na fulani huona haya kumkatiza fulani. Mama Sponji aliliona neno lile likirudi kooni mwa mwenzake, na akamchukia kwalo kuliko kwa lebo.

"Nimevumilia vya kutosha," alisema mwalimu mkuu. "Naingia kuwaeleza watoto wenyewe, kisha kazi iendelee. Na mzazi, lile la shule maalumu, tulizungumze tena mwisho wa muhula. Kwa faida ya mtoto."

Ndivyo alivyosema. Akaingia darasani.

Sheria ya darasa lile ilikuwa moja: anayesema na darasa, anakivaa. Mwalimu wa darasa, ambaye tangu asubuhi hakuwa amethubutu kusema neno, alivua kipaza sauti shingoni mwake, akamvisha mwalimu mkuu mbele ya watoto wote. Alifanya hivyo kwa adabu kubwa. Mwalimu mkuu alisimama akavishwa kama anavishwa nishani, akawaambia watoto kwamba mapambo haya yameleta usumbufu na yataondolewa, kwamba shule si sebule, kwamba wasome kwa bidii. Hakusema zaidi. Akatoka, akampita Mama Sponji mlangoni bila kumtazama, akaingia ofisini kwake na kufunga mlango. Taa ndogo ya kijani ya kipaza sauti bado ilikuwa inawaka kifuani mwake.

Mama Sponji aliingia darasani. Hakujua alichokuwa anaendea. Labda alitaka tu kuugusa ukuta. Mtunza majengo alikuwa ameshaanza kupanda ngazi, na seremala alikuwa amesimama chini yake, anamwomba asubiri, ndugu yangu, subiri kidogo tu. Mwalimu wa darasa alijipapasa shingoni, akaona pako patupu, akaduwaa.

Chiriku alikuwa amekunja uso. Hakuwa anamtazama mtu yeyote. Alikuwa ameuelekeza uso wake kwenye ukuta wa mbele, kwenye mto wa mistari, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

Mama yake aliujua uso ule. Akainama mbele ya dawati lake. "Umesikia nini?"

"Sijui kama anasema na sisi."

"Rudia."

Basi Chiriku akarudia, kwa sauti yake ile kubwa isiyojua kunong'ona, neno kwa neno, bila kupunguza wala kuongeza. "Sekretari wa mwalimu mkuu anasema, mwalimu nisamehe, mimi ndiye. Anasema Jumamosi yule mama alituambia tufunike vyombo, vumbi la kutoboa ukuta. Anasema nikaona nisiifunike ruta, niifungie kabisa kwenye kabati la chuma, waya nikaupitisha tundu la nyuma. Anasema nikasahau."

Mtunza majengo alibaki na mguu mmoja hewani.

Mama Sponji alikumbuka. Alikuwa amesimama juu ya ngazi ileile Jumamosi, drili mkononi, akapaza sauti hadi ofisini: funikeni vyombo vyenu jamani, vumbi litawaharibia. Yeye mwenyewe.

"Mwalimu mkuu anasema, kabati lipi? Anasema, siku zote nne?" Chiriku alisikiliza. "Anasema, funga mlango vizuri. Anasema, itoe polepole, irudishe juu ya meza, usipige kelele. Anasema, mito ikishatoka yote tutasema ni mito iliyokuwa inameza. Nani atajua." Akasikiliza tena, na safari hii akamtazama mama yake kwa mashaka, maana alilelewa kurudia kila kitu na hiki hakuwa na hakika nacho. "Anasema, yule mama ana mdomo. Akijua hatutapumua. Anasema, na yule mtoto wake mwisho wa muhula aende huko kwa wenzake, tupumzike."

Nyuma yake, mtoto mwenye kigugumizi alisema, "Si-si-si haki." Chiriku aligeuka na kumtazama. Alimsikia, pamoja na ukuta wa nyuma ulivyokuwa mtupu, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa anapumua.

Ingekuwa siku nyingine, Mama Sponji angepiga kelele zikasikika mpaka barabarani. Hakupiga. Hasira yake ilikuwa imefika mahali ambapo haina tena haja ya sauti. Alisimama, akatoka, akampita fundi wa mtandao ambaye alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni na uso wake umesawijika. "Kabati la chuma," alisema fundi, karibu kwa kujililia. "Hilo linafunga mawimbi kila upande. Mama, mimi sikuingia ofisini."

"Najua hukuingia," alisema. "Ndiyo kazi yako, kuingia."

Hakubisha hodi. Kabati lilikuwa wazi. Sekretari alikuwa amechutama mbele yake, macho yamejaa machozi, na mwalimu mkuu alikuwa ameikumbatia ruta kifuani kwa mikono miwili, waya wake unaburuta sakafuni, vitaa vyake vinawakawaka. Juu kidogo ya ruta, taa ya kijani ya kipaza sauti.

"Mzazi, ofisi hii—"

"Endelea tu, mwalimu. Darasa zima linakusikia."

Hakuelewa. Kisha akaangalia kifua chake. Simu yake iliyokuwa mezani ililia mlio mfupi, halafu mwingine, halafu mfululizo, ujumbe wa siku nne ukiingia kwa pamoja, na hakuna aliyeigusa. Mwalimu mkuu alifungua mdomo. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwa amewahi kukosa la kusema mbele ya mzazi, na sasa alitafuta, akatafuta, akatoka na hili: "Basi, tatizo limekwisha."

"Lako," alisema Mama Sponji. "Majina yako themanini sajili. Na la mwanangu usiliguse mwisho wa muhula, wala mwanzo wake."

Akanyoosha mkono. Mwalimu mkuu, ruta imemjaa mikononi, hakuweza hata kuinama vizuri. Ikabidi ainamishe shingo, naye Mama Sponji akakivua kipaza sauti kichwani mwake kama anamvua mtoto shati. Akakileta karibu na midomo. Mbele yake ulikuwa ukuta wa ofisi, na upande wa pili wa ukuta ule mito tisa ya sponji nzito, unene wa kiganja, kila mmoja na lebo yake. Alisema polepole, chini kuliko anavyoombea watu heri, kiasi kwamba sekretari aliyekuwa hatua mbili tu hakushika neno.

Kisha akangoja.

Kutoka darasani, ng'ambo ya ukuta, ikaja sauti kubwa isiyojua kunong'ona.

"Mjomba, mama anasema urudishe mito ukutani. Anasema uanze na ule wa maua."

Na bisibisi ikaanza kazi.